Rangi ya Bluu Chini ya Nati

Jirani yangu wa karakana ana ulimi wa pilipili, na ndiyo maana sote tunamwita Shoti. Yeye ni fundi umeme wa magari, mimi nashona viti vya magari, na kati yetu kuna ukuta wa mabati usiozuia neno lolote. Kila siku namsikia akiwafokea wateja wanaofika na dawa mkononi kabla ya kuujua ugonjwa. "Umenunua balbu mpya? Nani kakwambia ya zamani imekufa?" Mteja hunywea, nami hucheka kimyakimya huku nimeuma sindano.

Asubuhi ile hakumfokea mtu, nikajua kuna jambo. Pikapu iliyosimama mlangoni ilikuwa ya mdogo wake wa kiume, na nyuma yake ilivuta trela lililopakwa rangi ya bluu likang'aa kama sahani mpya.

Shoti ndiye aliyemlea mdogo wake huyo baada ya wazazi wao kufariki, wakati yeye mwenyewe bado anavaa sare ya shule. Alimfundisha kupika, kufua, na kusugua sufuria mpaka kitako. Kijana alipokua akaenda mbali, kwenye kambi ya ujenzi wa barabara, akakaa huko hadi mwanawe wa kumzaa akawa anamwita mjomba kama mgeni. Safari hii alirudi likizo, yeye na mkewe wakajikakamua wakapata trela, na kesho yake ilikuwa kazi yao ya kwanza: kubeba madawati ya shule. Ila wakaguzi wa magari walikuwa wamelikataa kwa sababu ya taa. Likikataliwa tena, madawati yangepewa mwingine, naye angerudi kambini. Nyapara wa kambi alitaka jibu siku ileile, kama anarudi au harudi.

"Dada, ukiona haiwezekani niambie mapema nifunge begi," alisema.

"Funga mdomo kwanza. Begi baadaye."

Kazi ya taa za trela inataka watu wawili, mmoja akanyage, mwingine atazame. Shoti alimpandisha wifi yake kwenye kiti cha dereva.

"Wifi, kanyaga breki!"

"Nimekanyaga!"

"Kanyaga kama mtu aliyeudhika!"

"Mbona nimeudhika tangu jana!"

Taa zile zilikuwa na vituko. Za nyuma zikiwashwa peke yake, zilififia kama mshumaa unaokata roho. Breki ikikanyagwa, zote zinazima. Indiketa ya kushoto ikiwashwa, upande wa kulia nao unakonyeza. Halafu trela likitikisika kidogo, zinawaka vizuri kana kwamba hazijafanya kosa lolote. Mdogo mtu akaapa kwamba aliyewauzia amewapiga changa la macho.

Shoti alichukua tasta yake, taa ndogo inayowaka ikikuta umeme, yenye ncha upande mmoja na kibanio upande wa pili. Alibana kibanio kwenye chuma cha pikapu, akagusa soketi, akakuta kila tundu lina umeme. Akahamia nyuma, akabana kibanio kwenye pini ya mlango wa trela, akagusa waya. Tasta ikapepesa, ikafa. Basi akaamini waya umekatika njiani. Akalala chali chini ya trela, akaufuata kutoka kwenye plagi hadi kwenye taa ya mwisho. Waya ulikuwa mzima.

"Shoti, leo umepata mkaidi mwenzio!" nikamtania kupitia mabati.

Hakunijibu. Hapo nikaingiwa na hofu, nikaweka sindano nikatoka. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea tairi.

"Hili likinishinda, ndugu yangu anaondoka," aliniambia. Nikachuchumaa pembeni yake. Akaitazama tasta mkononi, kisha akajipiga paji la uso.

"Nimebana kibanio wapi mimi? Kwenye trela lenyewe! Nimemfanya mshitakiwa kuwa shahidi!"

Akainuka mbio, akavuta waya mrefu kutoka kwenye hasi ya betri ya pikapu hadi kwenye ile pini ya mlango. "Kanyaga, wifi!" Taa zote zikawaka, nyekundu kali.

Umeme ukishawasha taa, hata ile ya tasta, unahitaji njia ya kurudi kwenye betri. Mafundi wanaiita ethi, na kwenye trela waya wake hufungwa kwa nati juu ya chuma kitupu. Trela lilipotikisika, ndoano ya kuvutia iligusana vizuri na pikapu, ikasaidia kwa kubahatisha. Shoti alifungua nati. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, laini, imepakwa kwa ustadi, na rangi haipitishi umeme.

"Nani kapaka hapa?"

"Mimi," alisema mdogo wake. "Nilifungua kila nati, nikapaka chini, nikazirudishia. Si ulinifundisha mwenyewe kwamba kazi nusu ni kazi ya mvivu?"

Nilisubiri radi. Badala yake Shoti alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi kosa ni la mlezi! Chukua msasa, usugue mpaka chuma kionekane."

Alisugua, wakafunga, wakajaribu kila taa, wakaondoka kwenda kwa wakaguzi. Shoti alibaki amesimama mlangoni. Wateja wawili walikuja na balbu mpya mikononi, wala hakuwagombeza.

Waliporudi, wifi ndiye aliyeshuka kwanza, akipunga karatasi ya kupasishwa. Mumewe hakushuka. Alikuwa amepiga simu, dirisha liko wazi, tukamsikia sote.

"Bosi, kile kitanda changu cha kambini mpe mtu mwingine," alisema. "Hapana, siyo likizo. Nakaa nyumbani."

Mkewe aligeuka akajishughulisha na kamba ya turubai iliyokwisha kukazwa. Shoti alikaa kwenye kiti nilichokuwa nakishona, akalia waziwazi bila kujificha. Nilikuwa na utani mdomoni. Nikaumeza, nikaenda kumletea maji.