Tairi Lililopasuka Siku ya Posa

Sisi tuliokulia Ilemela, enzi baiskeli ilipokuwa chombo cha heshima, tunajua kitu ambacho watoto wa sasa watakisoma kwenye simu: mawe yetu saa nane mchana hayakanyagiki peku. Mama alianika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu yake, jirani akaanika dagaa, na harufu hizo mbili ndizo zilizonilea. Wenzangu walishinda ziwani wakiogelea. Mimi nilishinda nyumbani. Walisema naogopa maji, nikasema nalinda michembe. Kweli niliilinda, sehemu kubwa tumboni.

Ndiyo maana Masanja alipokuja kumposa dada yangu Kabula, mtoto pekee aliyeshuhudia nilikuwa mimi.

Alitoka Kisesa alfajiri kwa baiskeli, spoki zimesuguliwa mpaka zinametameta. Matairi alikuwa ameyajaza upepo kiasi kwamba ukibonyeza, kinachobonyea ni kidole. Hakutaka wakwe wamwone na tairi lililolegea. Akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe kubwa mbele ya nyumba, juani kabisa, ili baba aione kupitia dirishani. Kisha akatuamkia wote kwa heshima kubwa, hadi nami nikajiandaa kuitikia marahaba.

Mazungumzo yalienda vizuri. Baba aliuliza habari za ukoo, za ng'ombe na za mashamba, Masanja akajibu huku akitazama chini. Jikoni Kabula alikuwa anasonga ugali ulioiva zamani, masikio yote sebuleni. Mara huko nje, paa. Kuku wakatawanyika, mama akaangusha sahani, na mimi nikajikuta chini ya kitanda, sijui nilipitia wapi.

Tulipotoka tukakuta tairi la nyuma limepasuka, mpira wa ndani umetokeza kama utumbo. Hakuna aliyekuwa ameigusa ile baiskeli. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kusimamia shughuli, akaizunguka mara moja. Akasema chinichini kwamba tairi kupasuka lenyewe, baiskeli imesimama, tena siku ya posa, si jambo la kawaida. Kwake ule ulikuwa mkosi, na posa ingefaa isubiri, au iachwe kabisa. Baba hakuwahi kumpinga dada yake. Kabula alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, uso umemshuka.

Baba akamgeukia mgeni. "Kijana, hili tairi nani kalipasua?"

Nilijua atasingizia mtoto, na mtoto aliyekuwepo nilikuwa peke yangu.

"Ni mimi, mzee," akasema Masanja. "Nililijaza alfajiri, kuna baridi, nikakaza kupita kiasi. Upepo ukipata joto unataka nafasi, na mle ndani nafasi ni ile ile."

"Na wakati wa kurudi?"

"Nitajaza pungufu, mzee. Jua litamalizia."

Baba akacheka, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Shangazi akampima kijana kuanzia viatuni hadi utosini. "Mwanaume anasema ni mimi, na hajapigwa? Huyu muozesheni haraka, kabla wengine hawajamsikia."

Tukala, kiraka kikabandikwa, na Masanja akaondoka na tairi laini, anayumba, anatabasamu peke yake.

Nilipofika kidato cha tatu, mwalimu wa fizikia akatufundisha kwamba hewa ile ile ndani ya chombo kile kile, ukiipa joto, msukumo unaongezeka. Ukitaka msukumo ubaki ulivyo, panua chombo au punguza hewa. Nikanyoosha mkono nikaeleza habari za shemeji yangu. Kwenye mtihani nikazieleza tena, kwa urefu. Matokeo yake ni mojawapo ya sababu za mimi kukaa nyumbani mpaka leo.

Mwaka huu binti wa Kabula naye ameposwa. Kijana alikuja na gari lenye kiyoyozi, na taa ndogo mbele ya usukani inayomwambia kila tairi lina upepo kiasi gani. Akaegesha kivulini. Akajibu kila swali vizuri, akaonja chakula, akatuonyesha picha kwenye simu, akaaga viatu vikiwa vile vile visafi. Hakuna kilichopasuka.

Masanja akaniuliza nimemwonaje. Nikasema ni kijana mzuri, maana sikuwa na la kuongeza. Zamani tulimpa mtu binti yetu tukiwa tumeshamwona akiaibika. Huyu tumempa hivi hivi, na hatujui siku kitu kikimharibikia mkononi, atasema nani kafanya.