Wavu wa Mkonge

Nikisema nilikuwa kipa wa kulipwa, watu wanacheka. Wacha wacheke. Miaka ya mwanzo ya sabini, shamba moja la mkonge nje kidogo ya Voi lilikuwa linaajiri wachezaji wa mpira, na mimi, jitu refu lililoshuka kwenye treni kutoka magharibi na begi moja, niliajiriwa kwa sababu ya mikono yangu. Kwenye daftari niliandikwa mkata mkonge kama wengine wote. Lakini kazi yangu ilikuwa kiwandani, kivulini, kupima marobota ya nyuzi kwenye mizani, na saa tisa natolewa kwenda mazoezi. Wakata mkonge walitutania kwamba tunalipwa kwa kukimbia kama swara. Tuliwaambia nao wajaribu.

Msimu ule tulikuwa na mashindano mawili. Kwanza ligi ya mkoa, timu za Mombasa na pwani yote. Pili kombe la ng'ambo, la mashamba ya huku na ya Tanzania, maana mpaka ulikuwa haujafungwa na treni ilipita Taveta ikaenda Moshi bila maneno mengi. Meneja wetu alilipenda kombe hilo kupita kiasi. Mameneja wa ng'ambo walikuwa marafiki zake, na kuwafunga ndiyo ilikuwa raha yake. Basi tunapanda treni Ijumaa, tunacheza huko Jumamosi, Jumapili tunarudi miguu imevimba, halafu katikati ya wiki tunachapwa kwenye ligi na vijana wa bandarini waliolala vizuri kwao. Mshika mbili moja humponyoka. Sisi zilituponyoka zote mbili. Kombe tulitolewa nusu fainali kwa penalti, na moja ilipita katikati ya miguu yangu, sitaki kuulizwa. Tukarudi nyumbani kuangalia ligi, tukakuta tuko ukingoni mwa shimo. Ilibaki mechi moja, ya nyumbani. Sare ingetuokoa, tukifungwa tunashuka daraja.

Meneja alituita mbele ya ofisi. Hakuwa mtu wa mzaha.

"Timu ikishuka, mimi sina timu," alisema. "Kila mtu atarudi kwenye kazi iliyoandikwa daftarini."

Hapo moyo wangu ulianguka. Mkata mkonge alikaa kambi za ndani kabisa, maili nyingi kutoka kiwandani, maji yanaletwa na trekta likikumbuka. Mimi nilikuwa na chumba cha mawe karibu na zahanati. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya kwanza ilitoka tukiwa hatujajua hata pa kumpeleka, na hii ya pili dada wa zahanati alikuwa anampima kila wiki. Mwanamke wa hali ile kumpeleka kambini ilikuwa kumwambia ajifungulie njiani. Sikulala vizuri wiki nzima, na mimi ni mtu wa kulala.

Sasa wavu. Nyavu zetu zilikuwa zimeoza. Ule wa upande wa reli ulikuwa bado unajikokota, lakini ule wa upande wa kiwanda ulikuwa matundu matupu. Meneja alikataa kununua mwingine. "Mkonge tunao," alisema. Ni kweli, tulikuwa tumezungukwa nao mpaka kwenye upeo wa macho. Basi wake zetu, wengi wao wasichana wa milimani waliojua kusuka vikapu tangu wadogo, wakasokota kamba na kusuka wavu. Ulikuwa mzuri ajabu, mweupe, macho yake sawasawa. Kamba ilikuwa haba kidogo, kwa hiyo tuliufunga karibu na milingoti na kuukaza kwa vigingi. Tulisimama pale tukijisifu.

Asubuhi ya mechi ikanyesha. Voi pale, mahali ambapo mvua ni mgeni, ikanyesha mpaka saa sita! Na sisi, watu tunaoishi na mkonge, tunaofulia nguo na kuzianika kwenye kamba ya mkonge, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kamba hiyo ikilowa inajikunja na kukazika. Wote tulikuwa tunashukuru vumbi limetulia.

Kipindi cha kwanza tulishambulia upande wa kiwanda. Wageni walikuwa timu ya Mombasa, wako katikati ya jedwali, hawapandi wala hawashuki, wanacheza kwa madaha tu. Mara mshambuliaji wetu akapiga shuti, likaingia chini ya mwamba, nikaliona kwa macho yangu haya kutoka golini kwangu. Nikaruka juu. Kumbe mpira umegonga ule wavu na kurudi uwanjani kama umepigwa teke, kipa wao akaudaka. Refa, aliyekuwa mbali nyuma, akapunga mkono: mwamba, endeleeni.

Nilikimbia uwanja mzima. Kipa! Niliacha goli wazi, nikamfikia refa wakati mpira umetoka nje, nikamsimamia mbele ya pua.

"Uliingia, refa! Wavu ndio umeurudisha! Haki ya Mungu, kama huoni sema tukuletee miwani!"

Alikuwa mzee mfupi, mtulivu, mwalimu wa shule, nadhani. Akaandika namba yangu kwenye kitabu.

"Rudi golini kwako, kijana. Nimekusikia," alisema.

Nikarudi huku nikitukana kwa lugha ya mama yangu, ambayo hakuna aliyeielewa pale, kwa bahati nzuri.

Kipindi cha pili tukabadilishana magoli, wavu mpya ukawa nyuma yangu. Bado bila kwa bila. Ilibaki kama dakika kumi, nahesabu pumzi, ndipo winga wao akatoroka na kupiga mpira wa chini. Niliruka, nikashika hewa. Nikausikia ukigonga wavu, pwaa, halafu ukanigonga mgongoni na kutulia mbele yangu. Nikaukumbatia. Wageni wakainua mikono. Refa akaja anatembea, polepole.

"Wewe kipa," alisema, "ndiye uliyeniambia wavu huu unarudisha mpira. Ukaapa. Na huu je, uliingia?"

Mdomo huponza kichwa, jamani. Nyuma yake nahodha wetu alikuwa ananitikisia kichwa: sema hapana, sema hapana. Na mimi si malaika, nimedanganya watu wengi kwa mambo madogo. Nilifungua mdomo niseme haukuingia. Nikamwona mke wangu nyuma ya goli, kati ya wale wanawake, amejishika kiuno. Lakini nilikuwa nimeapa kwa Mungu mbele ya uwanja mzima, na uwanja mzima ulikuwa unaningoja. Nikikana huu, lile letu nililiapia nini?

"Uliingia," nilisema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. "Uliingia kama lile letu lilivyoingia."

Nahodha akajitupa chini. Mtu mmoja kutoka pembeni akaniita Yuda.

Refa alichukua mpira mikononi mwangu. Akasogea mpaka kwenye laini ya goli, akautupa kwa nguvu ndani ya wavu. Ukarudi ukampiga tumboni. Akautupa tena, ukarudi tena. Akabonyeza zile kamba kwa kidole, akatingisha kichwa, nikaona anajizuia kucheka. Akawaita manahodha wote wawili.

"Nilikosea moja, sitakosea la pili," alisema. "Yote mawili ni magoli. Moja kwa moja."

Najua sheria haisemi hivyo, msiniletee kitabu. Nahodha wa wageni aliinua mabega tu, hawakuwa na cha kupoteza, na mpira ukaanza katikati. Dakika zile zilizobaki sizikumbuki. Nakumbuka kipenga tu.

Meneja alinipa mkono bila kunitazama. "Jumatatu, kwenye mizani," alisema.

Nilikwenda kwa mke wangu. Hakujua mpira hata kidogo. Alichoona yeye ni watu kugombana, mumewe kuitwa msaliti, na nahodha kulala kwenye matope.

"Tunahama?" aliuliza.

"Hatuhami."

"Baba, usinidanganye. Sufuria nimeshazifunga. Na kitanda nimekilegeza kamba."

"Zifungue," nikamwambia. "Kitanda nitakikaza mwenyewe."

Akakaa pale pale chini, kwenye matope, na tumbo lake lile, akalia kwa sauti. Nikakaa karibu naye nikalia pia, na sikujali nani anaona.