Samaki ya Bibi

Harufu ya samaki mbichi ikinipata hapa soko ya Bwera, karibu na mpaka, ninageuza uso. Ninamuona mama tena, anafunga samaki mbili za ngege kwa majani ya ndizi, anazimwagia maji zisiharibike, anaziweka kwa kikapu. Siku ile tulikuwa tunavuka kwenda Kongo. Bibi, mama yake, alikuwa anakufa, na aliomba kitu moja tu: samaki mbichi ya huku kwetu.

Aliyetuharibia si askari wa mpaka. Ni mjomba, ndugu ya mama, tumbo moja. Ninamtaja, hata kama leo anakaa kiti ya mbele kanisani. Alikuwa mbele yetu mpakani, na sabuni ya magendo kwa baiskeli. Mimi na mama tulimsikia akinong'ona: "Afande, achana na mimi. Angalia kikapu ya ule mama."

Askari akabeba samaki. Sabuni ikapita.

Tulipofika kwa bibi, mjomba alikuwa tayari anakunywa chai. Bibi akashika mikono ya mama, akanusa vidole.

"Mutoto wangu, samaki uliikula njiani?"

Mjomba akacheka. "Huyu njaa yake iko kubwa tangu utoto."

Mama akamuangalia sana ndugu yake.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Nilisikia njaa."

Bibi akaachilia ile mikono.