Wanawake wa Mtaa wa Kiwandani

Ijumaa hii simu ilinikuta jikoni hapa Ghubra, Maskati, namenya vitunguu vya watu. Bibi aliyenilea amefariki Tanga. Mjomba hakulia, aliuliza tu: "Nani atamwosha, mwanangu? Nimebisha hodi nyumba zote, wanawake hamna."

Ngoja nikueleze, ndugu yangu, kwa nini swali lile lilinikata maini. Mtaa wetu ulikuwa wa wafanyakazi wa kiwanda cha kamba za katani. King'ora cha asubuhi kilituamsha, cha mchana kikatutoa mbio na mabakuli ya ugali wa bada na kisamvu kuwapelekea mama zetu getini. Bibi alisokota kamba mpaka viganja vikawa kama msasa, na siku ya kutuogesha tulipiga kelele hadi jirani wa ukuta wa pili anacheka. Jioni mtaa mzima ulinuka katani mbichi na samaki wa kukaanga.

Na msiba ulikuwa na wenyewe. Akifa mwanamke, wenzake wa zamu moja ndio waliomwosha, na hawakungoja kuitwa. Walitoka kazini moja kwa moja, wakazungushia shuka uani, wakachemsha maji na majani ya mkunazi, huku wakisimuliana wema wa marehemu na vituko vyake. Sisi watoto tulichota maji. Bibi alikuwa akisema maiti asishikwe na mikono ya kigeni, ataona haya.

Kisha kiwanda nacho kikafa, na hakuna aliyekiosha. Wakubwa waliahidi kitafunguliwa, mashine zikauzwa vyuma chakavu. Jirani yule wa ukuta wa pili akatangulia Maskati kufanya kazi za ndani, akamvuta mdogo wake, mdogo akamvuta shoga yake. Huku majumba yanaota kila siku, kwetu paa zinaporomoka. Hata joto la huku, linalobabua uso, tuliliona afadhali kuliko njaa. Nami nikaja. Bibi alinifungia nguo mwenyewe, akaniambia, "Nenda, mtaa upo."

Madamu alinipa pole na ruhusa ya jioni. Tulikutana chumbani kwa jirani yule, tukasoma khitma, chumba hakikututosha. Nilitazama nyuso zile nikaona mtaa wote umekaa kwenye zulia la Ghubra.

"Wanaojua kuosha ndio sisi hapa," jirani alisema. "Tunaogesha watoto wa watu."

Nina uchungu, sikufichi, na sijui nimkasirikie nani: waliofunga kiwanda, waliotuita huku, au sisi tuliofurahia tiketi.

Mjomba alipiga tena baada ya maziko. Alipata wanawake wa mtaa mwingine, watu wema, wakafanya kazi yao vizuri na upesi. Kabla hawajaanza, mmoja alitoka nje ya shuka akamuuliza Mjomba, marehemu anaitwa nani.