Bwana Arusi, Sola na Kunde za Mama

Leo bwana arusi ameingia kwangu na nusu kichwa.

Nusu ya kwanza alinyolewa hapo ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi anayetumia umeme wa stima. Stima ikapotea. Arusi ni saa nane.

Mimi kinyozi wa sola, yule mnaniita "fundi wa jua," nikamkaribisha pole pole kama daktari.

"Keti, Mutua. Huku jua halipotei, na bili halileti."

Nikawasha mashine. Ikalia kama nyuki mgonjwa, ikanyamaza.

Jua la Matinyani linachoma mpaka kuku wamekataa kutembea, na betri yangu ni tupu!

Nikapanda kwa paa. Paneli yote imefunikwa na majani ya kunde, yamepangwa vizuri, yanakauka.

"Mama! Ni nini hii?"

"Si ulisema hapo ndipo jua linashika kuliko mahali kote?"

Kweli nilisema. Siku ile namwomba auze mbuzi wake tununue sola.

Basi mwenye mtaji amechukua faida yake.

Mutua nimemmalizia na makasi. Mkiona picha za arusi, tafadhali msinitag.

Na mnishauri: hizo kunde nazitoaje bila kukosa chakula cha jioni?