Jina Lililoitwa Mstarini

Rafiki yangu alikufa kwa malaria wakati wa likizo, lakini kompyuta ya maktaba haikupata habari. Shule zilipofunguliwa ikaendelea kutoa majina ya waliochelewesha vitabu, nayo yalisomwa mstarini kila Jumatatu. Kitabu alichoazima hakikuonekana tena, na mashine ilikataa kumwondoa mtu mwenye kitabu mkononi. Mwalimu wa zamu aliyejua aliliruka jina lake. Asiyejua aliliita, akasubiri aitikiwe.

Mama yake alikuwa mpishi wa shule. Kila Jumatatu alitoka mlangoni mwa jiko na mwiko wake, akasimama mpaka tutawanyike. Nilishindwa kumtazama. Nilikuwa nalisikia jina lile hata bombani, maji yakitiririka kwenye ndoo. Nilitaka lisiitwe tena, mama wa watu apumzike.

Programu yenyewe ilikuwa huria: haikuuzwa, na yeyote aliruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Klabu za kompyuta za shule kadhaa tulikutana Jumamosi katika mtaa wa Area D kupanga marekebisho. Kanuni yetu ilikuwa moja: pendekezo lisilopingwa limepita. Kwa hiyo mimi, nisiyefungua mdomo mbele za watu, nilikuwa nimeshakubali kila kitu.

Siku hiyo kaka mmoja wa shule ya Ihumwa alisimama. "Mtu akikaa na kitabu muhula mzima, afutwe. Yeye na kila alichowahi kuazima. Wanatujazia mashine bure."

"Kuna anayepinga?" mwalimu wetu wa klabu akauliza.

Vitabu alivyowahi kuazima rafiki yangu, vingi tulivisoma pamoja, kichwa kwa kichwa. Nikainua mkono.

"Napinga."

"He! Kumbe huyu anaongea!" yule kaka akasema, watu wakacheka.

"Mwacheni," mwalimu akasema. "Sema, mwanangu."

"Wengine hawajakimbia na vitabu. Wamekufa. Wasifutwe. Ila wasiitwe."

Hakuna aliyecheka tena. Yule kaka alikaa, akainuka tena. "Samahani, dada. Sikujua. Basi tuweke alama ya marehemu, mashine imtunze lakini isimtaje."

Hakuna aliyepinga.

Mwalimu alipomaliza kuibadilisha programu na kumwekea rafiki yangu ile alama, Jumatatu iliyofuata majina yalisomwa mpaka mwisho, lake halikuwamo. Nilipumua. Tulipotawanyika, mama yake alikuwa bado amesimama pale mlangoni. Akaniita kwa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo hawajamwita?"

"Mashine imerekebishwa, mama. Haitamwita tena."

"Haitamwita?" Alitazama uwanja uliobaki mtupu. "Mimi nilikuwa natoka kumsikiliza. Nyumbani hatumtaji, baba yake hataki. Hapa ndipo palikuwa na mtu wa kumwita. Nani kawaambia waache?"

Ningeweza kunyamaza. Najua sana kunyamaza.

"Mimi, mama."

Alifuta uso kwa kanga.

"Haya. Basi wewe niitie."

Nililitaja jina la mwanawe pale mlangoni, kwa sauti ndogo.

"Kwa nguvu," akasema.