Saini Aliyoitia Endel

Vaike Luhamets hakuwahi kuiamini saini ambayo hakuiona ikitiwa. Miaka mingi aligawa barua kwa baiskeli katika vijiji vya upande wa mji wa Võru, na huko milangoni aliona mengi: wake wakiwatilia waume zao saini, waume walevi wakijifanya wake zao. Ila shaka yake ilikuwa na mizizi mirefu kuliko hiyo. Alipokuwa mtoto mdogo, ng'ombe wa mama yake alichukuliwa kupelekwa shamba la pamoja lililoanzishwa na serikali. Mama alipokwenda kulalamika, alionyeshwa ombi la kujiunga kwa hiari, na jina lake chini yake. Kalamu yenyewe hakuwa ameishika. Kisa hicho mama alikisimulia hadi alipoingia kaburini, na Vaike alikinyonya pamoja na maziwa.

Basi mdogo wake, Endel, alipoanguka kwa kiharusi akichanja kuni za sauna, lile bafu la mvuke, na daktari akamwita Vaike pembeni, masikio yake yalisimama mapema.

"Mama, mdogo wako ameacha wosia wa matibabu," alisema daktari, mwanamke kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Anasema ubongo wake ukiharibika na matumaini yakiisha, asiachwe kwenye mashine ya kupumulia."

"Ameuandika kwa mkono wake?"

"Ameutia saini kwa kadi ya kitambulisho chake na namba za siri, kwenye kompyuta. Jumanne moja ya mwezi wa tatu, asubuhi."

"Kitambulisho kina mkono?"

"Kisheria ni sawasawa na saini ya mkono, mama."

"Endel huyu huyu? Anayeizaba rimoti ya televisheni makofi ikikataa?"

Daktari hakucheka. Alisema vipimo vya mwisho vilikuwa bado, na kama ndugu wana sababu ya kuutilia shaka wosia ule, waseme sasa.

"Sababu ninayo," alisema Vaike. "Inaitwa Maire."

Maire alikuwa mke wa pili wa Endel, mjane kutoka mjini Tartu aliyekuja na rangi ya midomo na maneno laini. Ndiye aliyelipa umeme kwa kadi hiyo ya kitambulisho ya Endel, ndiye aliyechukua dawa kwa kadi ya Endel. Nani ajuaye, Vaike alizoea kusema, labda hata kura anampigia.

Vaike alimkuta jikoni akimenya viazi, naye mwenyewe hakuvua koti.

"Karibu, wifi. Kaa."

"Sikukuja kukaa. Namba za siri za Endel unazijua?"

"Nani asiyezijua? Kila akizibonyeza anazitaja kwa sauti kama anasali. Hata wewe unazijua."

"Kwa hiyo ni wewe."

Kisu kilimdondoka Maire. "Mimi? Mimi nilijua ni wewe! Kila Jumamosi anakwenda kwako kuoga sauna, anarudi hasemi. Daktari aliponisomea yale maneno, nikasema hii ni kazi ya wifi. Hajapata kunipenda, sasa ananinyang'anya mume hata akiwa kitandani hospitalini."

"Nimuue ndugu yangu wa tumbo moja?"

"Na mimi nimuue mume wangu? Mimi nimewaomba waiache mashine hata mwaka mzima!"

Vaike alimkazia macho. "Mjanja naye angesema hivyo hivyo."

"Basi tuko wajanja wawili humu ndani."

Walipoanza kuzihesabu Jumanne za mwezi ule, kila mmoja akimtega mwenzake ajikwae, hakuna aliyejikwaa. Jumanne zote Maire alikuwa Tartu akitibiwa jicho, na kompyuta alikwenda nayo. Vaike hajapata kumiliki kompyuta maishani mwake. Endel angeipata wapi? Kijijini kulikuwa na mahali pamoja tu: maktaba. Walikwenda wote wawili, bega kwa bega, maana hakuna aliyekubali mwenzake atangulie kuzungumza.

Sirje, mtunza maktaba, alikumbuka vizuri.

"Nilitaka kumsaidia, akaniambia, 'Binti, geukia kule.' Akaandika asubuhi nzima kwa kidole kimoja. Namba zake za siri nilizisikia, nani asingezisikia? Lakini aliyebonyeza ni yeye."

"Alikuwa amelewa?" aliuliza Vaike.

"Hata tone hakuwa amekunywa, mama. Jana yake alikuwa amemzika Heldur."

Wanawake wale walitazamana. Heldur, rafiki wa Endel tangu utoto, alilala kwenye mashine majira ya baridi yote, na Endel alikwenda kumtazama kila wiki. Akirudi, alisema Maire polepole, chakula hakikupita kooni.

"Kwa nini hakuniambia?" Vaike aliuliza.

Sirje alisitasita. "Nilimwuliza kama nyumbani wanajua. Akasema, 'Nikimwambia mmoja, mwingine atasema nimelazimishwa. Wakijua wote wawili, hawataniacha niumalize.'"

Vaike alikaa kwenye kiti cha watoto kilichokuwa karibu. Maisha yake yote alikuwa amemtafuta mtu aliyetia saini isiyo yake. Leo saini ilikuwa ya mwenyewe, na hakuwa na wa kumgombeza.

Vipimo vya mwisho vilipotoka, matumaini hayakuwepo. Vaike alimwambia daktari kwamba shaka yake ameiondoa. Mashine ilipozimwa, yeye alishika mkono mmoja wa Endel na Maire mwingine. Endel alipumua mwenyewe mpaka jua likahama dirishani, kisha akaacha, bila kuhangaika.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kula saladi ya viazi na samaki wa chumvi na kwenda zao, wawili wale walibaki wakiosha vyombo. Mwishowe Vaike, akifuta sahani ambayo tayari ilikuwa kavu, akauliza:

"Wifi, huyu Sirje. Endel alimweleza mambo ya ndani kiasi kile kwa nini?"

"Nami nimejiuliza hivyo hivyo," alisema Maire. "Na makaburini alilia sana."

"Kupita kiasi."

"Kesho nina kitabu cha kurudisha."

"Nitakuja na wewe," alisema Vaike.